Togwa ya Kimea na Baraza la Hisani

Mwaka 1971, nilipokuwa na miaka tisa, baba alianguka kutoka juu ya mnazi. Hakufa. Watu wakisikia hivyo husema alhamdulillahi, na mie nasema alhamdulillahi pia, lakini mkwezi ambaye miguu haimchukui tena ni mdomo wa kulishwa, na aliyekuwa akitulisha ni yeye. Mama akaenda kufua nazi katika mashamba ya watu. Mimi nikatolewa darasa la pili nikamfuata. Mpaka leo ukinipa kitabu nasoma kidole kikiwa chini ya mstari, na nikifika mwisho wa ukurasa mwanzo nimeshausahau. Ukinipa nazi, nitaitikisa tu nikuambie kama imekauka, ina maji, au imeanza kuota ndani.

Haya nimeandika kwa mkono wangu. Mjukuu alinyoosha herufi, maneno hakuyagusa. Nilimkataza.

Nimefua nazi, nimesuka makuti, nimelima mwani mpaka ngozi ya miguu ikawa kama ya kenge, nimeuza maandazi, nimeuza karanga. Mume nilipata. Akaenda bara kutafuta maisha, na nadhani aliyapata, maana hakurudi. Watoto nikawalea. Sikuelezi haya unihurumie. Nakueleza ili ujue kwamba nilipofika kwenye togwa nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mali yangu ilikuwa nyumba ya udongo ya makuti, nyuma kabisa ya kijiji pale Kiegeani, mahali asipopita mtu ila aliyepotea au anayemtafuta mbuzi wake.

Huwezi kuuza kinywaji mahali asipopita mtu. Kwa hiyo nilikuwa nauzia kwenye baraza la watu.

Mwenye baraza alikuwa haji mmoja, mzee wa watu wa asili ya Kiarabu, mwenye minazi na duka la mbele ya nyumba. Nyumba yake ilikuwa barabarani, na baraza lake refu, la saruji, lenye kivuli kuanzia adhuhuri. Nilipomwomba nikae pembeni pale na ndoo yangu alinitazama kidogo, akasema:

"Kaa. Ila usafi, mama. Na ugomvi sitaki. Na kitu cha kupoteza watu akili sitaki hata harufu yake."

"Togwa, haji. Watoto wanakunywa."

"Basi kaa."

Kodi hakunitoza. Hilo watu walimsifia, na mie pia nilimshukuru. Lakini nikuambie kweli, hisani ni kiti kisicho na mguu mmoja. Unakaa, lakini makalio hayatulii. Kila asubuhi nilifagia baraza lote, si pembe yangu tu. Akipita nasimama. Mkewe akitaka togwa simwambii bei. Na mama mkwe wake, bibi kizee wa kale aliyekuwa akikaa humo ndani, alikuwa akitoka na mkongojo wake, anakunywa, anarudi ndani bila hata kuniambia ahsante, kana kwamba togwa imechemka yenyewe ardhini.

Sasa togwa yenyewe. Kwa asiyeijua, togwa ni uji mwepesi uliotiwa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa. Kimea kinaulegeza uji na kuutia utamu, ukiuacha kidogo unapata ukali wa mbali, na hapo ndipo unanywewa. Ukiuacha sana unakuwa kitu kingine, na hicho kitu kingine ndicho haji alichokuwa akikisema.

Mimi wakati ule kimea sikukijua. Nilikuwa nikinunua unga wa pakiti uliokuja na boti kutoka bara, umeandikwa togwa, una picha ya kibuyu. Nachemsha uji wa sembe, namimina pakiti, naonja, haina kitu, natia sukari. Naonja tena, natia sukari tena. Faida yote ilikwenda kwenye sukari. Boti ikichelewa, pakiti hakuna, nami nakaa nyumbani kama mjane wa juzi.

Aliyenifumbua macho ni shoga yangu mmoja, mwanamke wa Rufiji aliyeolewa huku kisiwani, mwenye mdomo usio na pazia. Siku moja alikuja barazani, akanunua, akanywa nusu, akaishika bilauri juu akaiangalia kwenye mwanga.

"Shoga," akaniambia, na watu wamekaa, "hii ni nini?"

"Togwa. Huijui?"

"Naijua. Ndiyo maana nauliza. Kwetu hii tungemwogeshea mtoto."

Watu wakacheka. Nikamwambia kama kwao ni kuzuri hivyo boti ziko Kilindoni, apande. Naye akacheka, akamaliza bilauri yake. Lakini nilikasirika mpaka usingizi ukanihama, na mtu hakasiriki hivyo kwa uwongo. Kesho yake nikaenda kwake nikamwambia nifundishe.

"Kimea? Kitu gani kimea. Unaloweka, unafunika, kinaota, unaanika, unasaga."

"Na wali unaosha, unapika, unakula. Nifundishe vizuri au nyamaza."

Alinifundisha. Lakini kuna mambo mwenye kujua hayasemi kwa sababu hajui kwamba anayajua, na hayo niliyapata kwa hasara yangu mwenyewe.

Mtama nilinunua kwa kopo Kilindoni, kwa wale wanaoushusha kutoka bara. Sikuwa na uwezo wa gunia. Mara ya kwanza niliuloweka, nikaufunika kwa gunia bichi, nikawa naumwagia maji asubuhi na jioni kama miche ya mnanaa. Ukaoza. Ulikuwa mweusi, unanuka, hata kuku waliutazama wakaenda zao. Mtama hautaki kuoga, unataka unyevu, kama mtu mwenye homa. Mara ya pili uliota vizuri, mizizi myeupe imeshikana kama nywele za mtoto, lakini nikauanika juu ya chanja ya jirani kwa kuwa mie sikuwa na mkeka wa kutosha. Chanja ile ilikuwa ya dagaa. Sihitaji kuendelea.

Mara ya tatu kimea kilitoka safi. Nilikipurura mizizi, nikakitwanga kwenye kinu kwa sababu mashine ya kusaga haikubali vikopo viwili vitatu vya maskini. Nikapika uji, nikautia kimea. Uji ukabaki mzito vile vile, umekaa sufuriani unanitazama. Nikamwita shoga. Akatumbukiza kidole akakitoa mbio.

"Umekiua! Uji unachemka hivi unakitia kimea? Kile kina uhai, shoga. Usubiri upoe."

"Upoe kiasi gani?"

"Upoe tu."

"Upoe tu ndiyo kiasi gani?"

Kila mtu kwao anajua kwa mkono. Basi nikajitafutia kipimo changu. Nilikuwa natumbukiza kidole na kusoma salawati, ile dua fupi ya kumsalia Mtume. Kikinichoma kabla sijafika mwisho, uji bado. Nikiimaliza salawati kwa utulivu na kidole kimo ndani, nakimimina kimea. Ukiweza kusoma mbili bila kuhisi kitu umechelewa, togwa itachacha kabla ya kuwa tamu. Kipimo hicho ninacho mpaka leo na hakijawahi kuharibika, wala hakitaki betri.

Siku kimea kilipokubali nilikuwa peke yangu jikoni. Nilikoroga, na mwiko ukawa mwepesi mkononi. Uji ule mzito ulikuwa unalegea mbele ya macho yangu, unakuwa maji maji, unang'aa. Nikaonja. Ulikuwa mtamu. Sukari ilikuwa rafuni, kopo limefungwa, sijaligusa. Nilikaa chini kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nikaonja tena ili nihakikishe kwamba si hamu yangu tu.

Tangu hapo pakiti sikununua. Nafaka tupu, maji, moto na subira. Sukari niliyoinunua ilikuwa ya chai yangu. Na watu walijua mara moja. Waliokuwa wananunua bilauri moja wakawa wanarudisha bilauri ijazwe. Wakulima wa mwani wakitoka pwani walipitia pale kabla ya kwenda makwao. Shoga yangu alikunywa, akapangusa midomo, akasema, "Hii hatumwogeshei mtoto." Kwa mdomo wake, hiyo ni tuzo.

Ndipo ndoo ikawa ndogo.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani unaishia, Ramadhani inaingia. Anayeuza togwa akikosa Ramadhani amekosa mwaka, maana ndipo watu wanapoitaka kwenye futari kila siku ya Mungu. Na kabla yake kuna vunja jungu, karamu ya kula na kunywa mchana siku chache kabla ya mfungo. Nikasema vunja jungu hii nitaleta togwa ya kutosha kijiji, watu waionje, Ramadhani waje wenyewe. Lakini ya kutosha kijiji naitia wapi? Ndoo mpya zenye mifuniko dukani zilikuwa ghali. Nikaenda Kilindoni kwa muuza madumu yaliyotumika.

Alikuwa nayo makubwa manne, ya njano, yamefungwa kamba. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Yananuka ukali.

"Yalikuwa na nini?"

"Siki, mama."

"Kweli siki?"

"Nusa mwenyewe. Mimi nikudanganye na pua unayo?"

Nikanusa tena. Siki. Siki kila nyumba inayo, inatiwa kwenye achari, inakandwa mtu aliyeteguka, haina neno. Nikapatana naye, nikayabeba. Nyumbani niliyasugua kwa mchanga na majivu, nikayaosha kwa maji ya moto, nikayatikisa na majani ya mlimau mpaka mikono ikaniuma. Yakanukia vizuri kuliko nguo zangu za Idi. Siku moja kabla ya vunja jungu, alasiri, nikapika, nikatia kimea kwa salawati yangu, nikayajaza yote manne, nikafunga vizuri nzi wasiingie.

Asubuhi nilipofungua la kwanza lilinipigia chafya. Pshi! Povu likaja mpaka shingoni. Nikaonja. Ilikuwa na ukali mzuri, inachoma choma ulimi, inachangamka. Wallahi nilifurahi. Nilisema kumbe kwenye chombo kikubwa inaiva zaidi.

Barazani watu walijaa. Pilau inapikwa nyumba hii, mbuzi kachinjwa nyumba ile, na kila mtu anapitia kwangu.

"Mama, leo umetia nini humu?"

"Mtama na mikono yangu."

"Basi mikono hiyo ioshwe na marashi. Nijazie."

Nikawajazia. Walikuwa wakinywa na kusifia, na sauti zikawa zinapanda, mie nikidhani ni vunja jungu. Baba mmoja mtu mzima, mpole, ambaye kwa mwaka mzima sijamsikia akisema zaidi ya salamu, alianza kumweleza kila mtu jinsi anavyoipenda baiskeli yake. Wawili walikuwa wakigombea nani amlipie mwenzake. Mwingine alilala, kaegemea nguzo, mdomo wazi, kofia imemwangukia puani.

Bibi kizee, yule mkwewe haji, alikwisha kutoka na mkongojo wake na kunywa kama kawaida yake. Akatoka tena. Mara ya tatu hakurudi ndani. Aliuweka mkongojo ukutani, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kuimba nyimbo za lelemama, ngoma ya wanawake ya ujana wake. Sauti ilikuwa imebaki, bwana wee, sijui alikuwa ameificha wapi! Wanawake wakatoka kwenye nyumba zao na miko mikononi, wengine wakaitikia. Mwanzoni zilikuwa nyimbo za wote. Halafu akaanza kutia maneno yake, na kwenye maneno yake akatia majina ya wanaume waliomtaka zamani, mmoja mmoja, na kasoro za kila mmoja.

Haji alitoka dukani. Alisimama akasikiliza. Kisha akaja kwangu, akachukua bilauri, akainusa tu, akairudisha.

"Mama. Kinywaji chako kina nini?"

"Kina mtama, haji. Uji na kimea. Kile kile cha kila siku."

"Mama mkwe wangu anaimba."

"Nimemsikia, haji."

"Anaimba majina ya watu. Mmoja wao ni marehemu baba yangu."

Kicheko kilikuwa kinanipanda na machozi yanapanda pamoja nacho, na vyote viwili nikavimeza.

"Nilikuambia hata harufu," akasema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. "Toa vyombo vyako."

Nikavitoa mbele ya watu. Madumu mawili yalikuwa hayajaguswa. Nilipokuwa nayaburuta nyuma yangu bibi kizee alikuwa bado anaimba, na nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Mama pombe huyo anakwenda." Jina hilo lilifika nyumbani kabla yangu.

Uelewe lililokuwapo. Si aibu tu. Ramadhani ilikuwa inaingia, na nani atafuturu kwa mkono wa mama pombe? Nikikosa mwezi ule nimerudi kwenye kufua nazi za watu, na mgongo wangu wakati huo ulikuwa umeshakataa. Na jina kama hilo kisiwani halifi. Linarithiwa. Wajukuu zangu wangeitwa hivyo chuoni kwa maalim na wenzao.

Niliyamwaga yale madumu mawili shimoni. Lakini nilitaka kujua. Mimi niliotesha vile vile, nilipika vile vile, salawati ile ile. Kimebadilika nini? Nikapika togwa moja, nikaigawa, nusu nikaiacha kwenye sufuria na kawa juu, nusu nikaitia kwenye dumu. Kesho yake nikamwita shoga yangu. Sufuria ilikuwa togwa, tulivu, tamu, na ukali wake wa mbali. Dumu lilikuwa limevimba kama mja mzito. Nilipolifungua shoga akaruka nyuma.

"Hilo si dumu," akasema, "hilo lina jini."

"Lina kitu," nikasema, "na aliyeniuzia anakijua."

Nikaenda Kilindoni siku ile ile. Muuza madumu alikuwa anakunywa chai.

"Uliniambia siki."

"Ilikuwa siki, mama, wallahi."

"Na kabla ya siki?"

Akanitazama kama nimemuuliza kabla ya yai. "Mama yangu, siki unadhani inakamuliwa ng'ombe? Si tembo la mnazi lililoachwa? Madumu yale ni ya mgema. Amegemea humo miaka. Lililobaki chini likageuka siki, ndiyo uliyoinusa."

Sikugombana naye. Nigombane na nani? Mie, mtoto wa mkwezi, niliyezaliwa chini ya minazi, nisijue siki inatoka wapi? Nilijua tangu sijaota meno. Sote huku tunajua. Lakini siki ni halali na tembo ni haramu, basi vichwani mwetu tumeviweka vyumba mbalimbali na ukuta katikati, mpaka tunasahau kwamba mama yao ni mmoja. Chachu ya yule mgema ilikuwa imekaa ndani ya plastiki, kwenye mikwaruzo, mahali mchanga na majivu havifiki. Mie nikaipelekea togwa tamu ya moto moto, ikaamka. Mwenye pesa angenunua ndoo mpya na asingejua kamwe. Mie nilijua kwa sababu sikuwa nazo.

Nikaenda kwa haji. Nikamkuta dukani peke yake, nikamweleza yote, kuanzia mgema mpaka dumu lililovimba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini," akasema. "Si mtu wa kufanya lile kwa makusudi. Lakini baraza ni la nyumba yangu, na nyumba yangu imechekwa. Nikikurudisha nitachekwa tena. Tafuta mahali pengine, mama."

Nilikuwa nimekwenda na maneno mengine ya kumwomba. Nilikuwa nimeyapanga njiani. Nikamtazama, nikayaacha.

"Haya, haji. Ahsante kwa kivuli chako. Nimekaa, nimeondoka."

Madumu niliyakata katikati, nikaotesha mchicha.

Ramadhani mosi, baada ya alasiri, nilitandika jamvi mlangoni kwangu, kule nyuma asikopita mtu. Nikaweka sufuria ile ile ya nyumbani, haina kifuniko, kawa tu, kila mtu aone ndani. Nikaamua mambo mawili. La kwanza, nitafuturu mimi kwanza, mbele ya yeyote atakayekuwapo, kwa tende na togwa ile ile ninayouza. La pili, itakayobaki baada ya tarawehe inamwagwa, haioni asubuhi. Togwa ya jana kwangu haiuzwi, hata uje unalia.

Adhana ikalia. Nikafuturu. Aliyekuwapo ni shoga yangu peke yake. Akanunua, akanywa, tukatazamana. Iliyobaki nikaimwaga kwenye mchicha. Siku iliyofuata akaja tena, akaja na mumewe kwa nguvu. Nyingine nikamwaga. Mchicha ulistawi sana mwezi ule.

Kisha jioni moja, kabla kidogo ya magharibi, nikasikia mkongojo. Nikainua macho, bibi kizee yule, kwa miguu yake, kutoka barabarani mpaka kwangu. Nyuma yake kulikuwa na wanawake kadhaa wa mtaa, wamekuja kutazama tu, maana bibi huyo alikuwa hatembei hata mpaka kisimani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wamenificha ulipo. Nimeuliza mpaka nimechoka." Akakaa kwenye jamvi kwa kishindo. "Nataka ile."

"Ipi, bibi?"

"Wee unaijua. Ile ya vunja jungu."

"Ile haipo, bibi. Na haitakuja tena."

"Basi adhana ikilia nipe hiyo uliyo nayo."

Adhana ikalia. Nikala tende yangu, nikanywa yangu, nikamjazia yake. Akanywa yote bila kuvuta pumzi. Sote tukasubiri. Mie, wale wanawake, shoga yangu, hata kuku nadhani. Bibi akaiweka bilauri chini, akakaa, akasikiliza ndani ya mwili wake. Kisha uso ukamkunjamana kwa hasira.

"Haina kitu!" akasema. "Nijazie."

Nikamjazia. Akanywa.

"Haina kitu hii! Haiimbishi! Hii si ni togwa tu?"

"Ndiyo bibi. Togwa tu."

"Nimetembea kote huku na funga yangu, nimekuja kunywa togwa!" Akasimama, akachukua mkongojo wake, akaenda zake akilalamika, na kila nyumba aliyopita waliokuwa wakifuturu walimsikia. "Togwa tupu! Haina hata chembe! Mtoto mchanga atalala nayo!"

Wale wanawake walitazamana. Mmoja wao, na naapa ndiye yule aliyeniita mama pombe, akatoa jagi alilokuwa amelificha chini ya mtandio.

"Nijazie na mie," akasema. "Ya nyumbani kwangu."

Nikamjazia. Sikumwambia kitu. Bei nilimwambia.

Kesho yake walikuja na majagi, na kesho kutwa wakatuma watoto wao, na kabla mwezi haujafika nusu mchicha ulianza kukauka kwa kukosa togwa. Njia ya kuja kwangu, ambayo ilikuwa majani, ikawa mchanga mtupu kwa nyayo za watu. Bibi kizee alikuja mara kwa mara mpaka Mungu alipomchukua. Kila mara alisema haina kitu, na kila mara alijaziwa. Kwake yeye bei sikuisema kamwe, lakini safari hii kwa hiari yangu.

Kitu cha kwanza nilichojenga ni baraza. Watu walicheka, nyumba ya makuti ina baraza la saruji, kama mtu aliyevaa viatu bila suruali. Nikawaacha wacheke wamekaa juu yake.

Haji alikuja mwenyewe, baadaye sana, alipokuwa anamwoza mjukuu. Alitaka togwa ya kisomo. Nilimwamkia kwa adabu yake yote, nikamwambia asubiri, maana kulikuwa na watu mbele yake. Akasubiri. Ilipofika zamu yake akaitazama sufuria, akanitazama.

"Pembe yako pale kwangu ipo, mama. Hakuna aliyekaa."

"Naijua ilipo, haji. Kaa hapa kwanza, jua kali. Kodi sitozi."

Akacheka, akakaa. Togwa ya kisomo nilimpikia, akalipa kama wengine.

Leo mgongo hauinami tena vizuri, ninaotesha kimea na binti yangu ndiye anayekoroga. Salawati namsimamia.

Nilicho nacho ni hiki. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu, bati. Baraza la saruji, mabenchi mawili. Kisima chenye mfuniko. Sufuria kubwa nne na ndogo mbili. Ndoo kumi zenye mifuniko, zote zilinunuliwa mpya. Mashine ya kusaga, ya umeme, yangu mwenyewe, na inakubali hata kopo moja la mtama. Mikeka ya kuanikia kimea, sita, haijawahi kulaliwa na dagaa. Kinu na mchi. Minazi kumi na minne, na hagemi mtu. Mbuzi watano. Kuku siwahesabu. Kiwanja cha binti yangu, kina hati yenye jina lake.

Dumu la siki sina. Achari natia ndimu.